Mimi nilimtaka daktari, yeye anataka kuwa fundi umeme

Shikamoo Shangazi. Kwa miaka minne nimemlipia karo ya sekondari binti asiye wa ukoo wetu, niliyempata kupitia shirika la ufadhili. Nilikuwa nimesoma habari za Hilde Back, yule mwalimu wa Sweden aliyemlipia karo mtoto wa Kenya, Chris Mburu, mtoto akaja kusoma sheria Harvard na kufanya kazi Umoja wa Mataifa. Nami nikatamani. Rafiki zangu wote niliwaambia kwamba namsomesha daktari. Sasa matokeo yametoka na alama zake hazifiki chuo kikuu. Ameniandikia akiomba nimlipie miaka miwili ya ufundi umeme. Mume wangu anasema tumwache tuchukue mtoto mwingine mwenye kichwa chepesi, maana uwezo wetu ni wa mtoto mmoja tu. Nimevunjika moyo. Barua yake nimekutumia uisome. – Mama Mfadhili

Marahaba mwanangu.

Barua ya binti nimeisoma mara mbili. Ni ukurasa mmoja tu, na ndani yake ameandika "nisamehe" mara tatu. Hapo uchungu ukanishika. Mtoto amekaa darasani miaka minne, amefanya mtihani mpaka karatasi ya mwisho, na bado anakuomba radhi kana kwamba amekuibia. Hebu irudie, safari hii utazame kona ya chini. Amechora swichi mbili, taa moja na nyaya zinazoziunganisha, akaeleza kwamba taa ya ngazini unaweza kuiwasha ukiwa chini na kuizima ukishafika juu. Mchoro huo hakuna aliyemwomba. Mtu hachori kitu kama hicho kwenye barua ya kuomba karo ila kiwe kinamkaa kichwani usiku na mchana.

Usimwache. Udaktari uliuota wewe. Katika barua hii sijaona mahali alipoutaja. Kumtakia makubwa mtoto wa mwenzio si kosa, lakini utamwonea ukimwadhibu kwa ndoto ambayo hakuwahi kukuahidi.

Wengi huipenda habari ya Hilde Back kwa ajili ya hiyo Harvard. Mimi naipendea miaka ya kabla yake. Mama yule alituma karo bila kujua mtoto atafika wapi, na miaka mingi ikapita mpaka Mburu, akiwa mtu mzima, alipomtafuta na kuanzisha mfuko wa kusomesha watoto kwa jina lake.

Wala usihesabu kwamba pesa yako ya miaka minne imepotea. Nchini Ghana, mwaka 2008, watafiti akina Esther Duflo walichukua vijana 2,064 waliofaulu kuingia sekondari lakini karo ikawashinda. Wakachagua kwa bahati nasibu, vijana 682 wakalipiwa, kisha wote wakafuatiliwa kwa miaka mingi. Waliolipiwa walimaliza shule kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Wasichana walichelewa kuzaa, na walipozaa, watoto wao walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili. Wengi wa vijana hao hawakufika chuo kikuu. Binti yako amemaliza, mwanangu, na aliyemwezesha ni wewe.

Mumeo simlaumu, fungu ni moja. Mwambie tu kwamba miaka miwili ina mwisho, na huyo mtoto mwingine atapata zamu yake. Ila asiambiwe lolote kwa sasa. Mtoto aliyeahidiwa karo huhesabu siku.

Tuje kwenye chuo. Kabla ya kulipa, liulize shirika kama chuo hicho kimesajiliwa na mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya nchi yao, na kama cheti chake kinamruhusu mtu kuomba leseni ya kufunga umeme. Vyuo vya uchochoroni huchukua karo vizuri sana, halafu cheti kikakataliwa kila mlango. Omba orodha ya gharama zote, usiishie kwenye karo. Wanafunzi wengi wa ufundi hukwama kwenye vitu vidogo: koleo, tasta, viatu vya usalama, ada ya mtihani, na zaidi ya yote ile miezi ya mafunzo kazini, ambapo karo imelipwa lakini nauli na chumba cha kulala havina mwenyewe. Miezi hiyo itengee fungu mapema. Pesa ipitie kwa shirika hadi chuoni, stakabadhi zije kwako. Usimtwike binti mzigo wa kushika fedha ambazo jamaa watazijua na kuziomba.

Kuna jambo moja nataka umuulize mwenyewe, kwa upole. Je, ufundi ndio anaoutaka, au amechagua njia fupi ili asikuchoshe? Kama moyoni anatamani kurudia mtihani, akwambie bila woga. Mimi, kwa mchoro ule, nadhani najua atakachojibu.

Na rafiki zako waambie unasomesha fundi umeme.

Mwandikie leo, hata kabla hujakaa na mumeo kupiga hesabu. Mwambie hana deni la kuomba radhi. Kisha muulize kuhusu ile taa ya ngazini: inakuwaje swichi ya juu ikishaizima, ya chini bado inaweza kuiwasha?