Mpima maji, mtangulie upepo

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kupima maji ya ziwa letu, Victoria, zoea kulala mapema. Ghuba ya Mwanza ya saa 12 asubuhi siyo ile ya saa 8 mchana. Wale wa kijani tunaowaita mwani, wengi wao ni bakteria. Microcystis, kwa mfano, wana vijipovu vya gesi mwilini, hivyo usiku ukiwa shwari wanaelea, na kukikucha unakuta utando kama rangi iliyomwagika. Upepo ukivuma, wanachanganyika na maji ya chini au wanasukumwa kurundikana ufukweni.

Mimi hilo lilinipa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilifika mchana, mawimbi yanapiga, nikaandika daftarini: "Maji safi." Mzee mwenye mtumbwi akacheka. "Huo ukijani haujaondoka, umezama tu. Njoo kesho kabla ya jua." Nikaja. Pale pale, kasia lilitoka majini limepakwa kijani.

Kwa hiyo andika saa, hali ya upepo na kina ulichochota. Utando wa ufukweni uwe na chupa yake. Kipimo chake kisije kikasomwa kama kipimo cha ziwa zima. Na vaa glavu, hata kama wenzako wanakucheka.

Kwenye sababu za ukijani huu, usiwe na haraka ya kumnyooshea mtu kidole. Mvua ikinyesha, Mto Mirongo unashusha ziwani maji ya mitaro na vyoo vya milimani. Mashamba yanaleta udongo na mbolea. Lakini fosforasi nyingine, kirutubisho kinachowalisha hao wa kijani, tena si kidogo, hushuka kutoka angani pamoja na vumbi na moshi wa kuchoma mapori. Mimi mwenyewe nilikataa kuamini hilo kwa muda mrefu. Naitrojeni, kirutubisho chao kingine, ikipungua majini, Dolichospermum, bakteria wengine wa kijani, hawajali, wanaichukua hewani.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 ya maikrosistini-LR, sumu ya bakteria hao, kwa lita ya maji ya kunywa ya kila siku. Maabara itakupa jibu baada ya siku kadhaa. Mama ntilie anayechota ufukweni atakuuliza leo: "Nikiyachemsha, si yanafaa?" Mwambie hapana. Moto unawapasua hao bakteria, sumu yao inabaki sufuriani. Kwa leo anunue ndoo ya maji ya bomba.