Miaka 52 si kikwazo, kaka

Kaka wa Kisasa, Dodoma, unauliza kama miaka 52 ni mingi kuanza mbio za magari ya kiti kimoja. Wapi! Fangio, dereva wa Argentina, alichukua ubingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1957 akiwa na miaka 46, tena enzi hizo bila hata mkanda. Shida yako ni uwanja: kwetu mbio za magari ni rali zaidi, na vumbi la Dodoma unalijua. Anza na gokati, vile vigari vidogo vya mbio, Nairobi, ila zoeza shingo na mbavu, ndizo hulalamika kwanza. Kisha itazame Formula Vee ya Afrika Kusini, mbio za magari ya kiti kimoja: injini ya Volkswagen, gari halina mabawa ya kuligandamiza chini, kwa hiyo utajifunza kukata kona bila kuua mwendo. Gari usinunue kwanza. Kodi, uone kama magoti yanaingia.