Kona ya Mjomba: Mbona mafundi wote wanapanda Lushoto?

Wiki hii barua karibu zote zimetoka milimani au zinauliza habari za milimani, sijui ni baridi ya Juni ndo imewachokoza. Nimechagua nne, zingine zivumilie toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi ni seremala hapa Korogwe, nina fremu karibu na stendi, kazi ipo ila ya kusuasua. Wenzangu wawili wameshahamia Lushoto huko juu milima ya Usambara, mmoja anatengeneza vitanda na makabati, mwingine anachonga vinyago na vibao vya majina ya lodji, na wote wanasema hawarudi ng'o. Mji wenyewe mdogo, ukitembea kidogo umeumaliza. Kuna nini huko juu kinachovuta mafundi na hawa jamaa wa kutembeza watalii? Na mimi nipande? – Seremala, Korogwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Ukiuliza mtaani kila mtu atakwambia ni watalii, na hapo mi nabisha. Mtalii akifika Lushoto analala siku mbili tatu, anaenda zake Irente kuangalia pale mlima unapokatika ghafla na chini kabisa unaona mashamba ya mkonge ya Mazinde na mbuga ya Wamasai inaenda mpaka macho yachoke, anapiga picha, anashuka. Hanunui kabati huyo! Akijitahidi sana ni kinyago cha kuingia kwenye begi. Sasa kama mafundi wangeishi kwa mtalii peke yake, masika ya Machi mpaka Mei njia zikianza kuteleza wangekuwa wameshafunga fremu zote.

Mlima unaleta mgeni, sawa, ila kinachomweka fundi ni mbao na mteja anayekaa palepale mwaka mzima. Tuanze na mbao. Ukipanda juu ya mji, ukaupita Magamba, unatokea Shume kwenye shamba la miti la serikali lililo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kule ndo paina na saipresi zinakotoka. Halafu kuna mgrevilea kwenye mashamba ya watu, na hiyo ina historia yake maana milima ilikuwa inamomonyoka vibaya, ukaja mradi wa SECAP wa Wajerumani kuanzia 1981 mpaka 2000, wakawahimiza wakulima wapande miti kwenye kingo za shamba, wapande majani ya kushika udongo, na ng'ombe wafungiwe ndani badala ya kuachiwa wazurure. Leo mtu anakata mgrevilea wa kwenye mpaka wa shamba lake anakuuzia wewe, na ng'ombe wa bandani ndo wanaotoa maziwa ya jibini ambayo watu wanapandia kuinunua Irente na kwa masista wa Kikatoliki. Yaani ule mradi ulikuja kuokoa udongo, ila seremala na muuza jibini nao wamekula humohumo.

Mteja sasa. Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kuna hospitali, kuna halmashauri, kuna shule za bweni, makanisa na misikiti usiseme. Mwanafunzi anapanga chumba anataka kitanda, mwalimu amehamishiwa huko anataka kochi, mahakimu wanakuja semina wanalala gesti, na gesti inataka meza, viti na vitanda ambavyo havipigi kelele usiku. Hao hawaangalii msimu. Kwahiyo fundi anakula kwa hao, kinyago cha mtalii ni cha kuongezea mboga.

Na usidhani tabia hii ilianza juzi. Wajerumani walipaita Wilhelmstal, wakawa wanakimbilia huko joto la pwani likiwazidi, na reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905 ikawa rahisi zaidi, unashuka kwenye treni unaanza kupanda. Waingereza walivyokuja nao wakaipenda baridi hiyohiyo. Mtu wa aina hiyo akihamia mahali anataka mkate anaoujua, jamu, siagi, kabichi, samani za kuendana na nyumba yake, kwahiyo wenyeji wakawa wanajua kutengeneza na kulima vitu ambavyo sehemu zingine za Tanga havikuwa na mnunuzi. Plamu, mapeasi na karoti unazoziona zinashushwa pale Mombo pembeni ya lami zina uzao wa huko.

Halafu kuna fundi ambaye hakuna anayemhesabu kwasababu hana kibao mlangoni, msuka matenga. Nyanya na plamu za Lushoto haziwezi kufika Dar zikiwa nzima bila kitu cha kuzibebea, na kwa miaka mingi kitu hicho kimekuwa tenga. Mzee anakaa chini ya mti, anapasua vipande, anaanza na kitako, anapandisha ukuta, mdomo anauacha wazi ili mizigo ikirundikwa juu majani yaweze kutandazwa yakazuia matunda yasichubuke. Hajawahi kumuona mtalii akinunua tenga na wala hana shida naye. Siku hizi kreti za plastiki zinamsumbua, hilo ni kweli.

Watu wa kutembeza wageni wao wamefuata njia za miguu. Miaka ya 1990 shirika la maendeleo la SNV la Uholanzi na Bodi ya Utalii walianzisha utalii wa utamaduni na Lushoto ikawa sehemu mojawapo, wazo lilikuwa mgeni atembee vijijini na hela ibaki vijijini. Uzuri wa biashara hii ni kwamba njia zenyewe zilishakuwepo, Wasambaa wamezikanyaga tangu enzi za machifu wao wa ukoo wa Kilindi pale Vugha, wewe unachohitaji ni viatu, lugha, leseni na kujua kinyonga amejificha tawi gani. Ukilinganisha na safari za Serengeti zinazotaka Landcruiser, mtaji hapa mdogo sana. Mgeni anatembea kutoka Lushoto mpaka Mtae kwa siku kadhaa, anaona mbega kwenye msitu wa Magamba, analala kijijini, na mwongoza wageni mwenye akili anampitisha kwa mfinyanzi na kwenye karakana ya seremala. Hapo ndo mnapokutana nyie wawili, yeye anapata kitu cha kuonyesha na wewe unapata mnunuzi bila kutangaza.

Kuhusu kupanda, mi nasema panda, ila nenda na vitanda na madirisha kwanza, vinyago baadae. Na mambo haya uyashike. Mtu akija usiku anakuuzia mkulo kwa bei ya kutupa, mwambie apite hivi, ule mti ni wa msitu wa asili na ukikamatwa nao utajieleza wewe, sio yeye. Mbao ukizisafirisha kushuka nazo chini hakikisha una kibali cha kusafirishia, ile TP, maana geti halikuulizi umetoka ukoo gani. Na zikaushe! Hewa ya huko ni ya ukungu, mbao inakauka taratibu mno, zipange chini ya paa ukiweka vijiti katikati ya ubao na ubao upepo upite, uzipe miezi. Fundi mwenye haraka anaunga meza ikiwa mbichi, inapendeza kweli ikiwa Lushoto, ikifika Mombo kwenye lile joto viungo vinaachia na mteja anakupigia simu saa tano usiku.

SWALI: Hujambo mhariri, mimi nakusoma kutoka Iten, Elgeyo Marakwet. Huku kwetu pia ni mji mdogo tu juu ya mlima lakini wazungu wamejaa, kambi, hoteli, watu wa masaji, watu wa paragliding. Sasa ni sawa na huko Lushoto ama sisi ni tofauti? – Msomaji, Iten

JIBU: Sijambo ndugu yangu, karibu Kona. Mko tofauti, na tofauti yenyewe ni kwamba nyinyi mnauza hewa. Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, mwili wa mkimbiaji unakaa pale unazoea oksijeni kidogo, akishuka kwenda kushindana anajiona mwepesi. Lakini milima mirefu iko mingi Afrika Mashariki na haina mabingwa, kwahiyo kimo peke yake hakitoshi. Kwenu kulikuwa na shule, St Patrick's, na Brother Colm O'Connell kutoka Ireland aliyefika 1976 kufundisha na akaishia kuwa kocha, mikononi mwake wakapita akina Peter Rono aliyechukua dhahabu ya mita 1,500 Seoul 1988 na baadae David Rudisha. Mabingwa wakazaa jina, jina likaleta wageni, na Lornah Kiplagat akaona mbali akajenga kambi yake ya mazoezi 1999.

Na mgeni wenu anakaa! Mkimbiaji wa Ulaya anakuja wiki nne sita, anapanga chumba, anafua, anakandwa misuli, anakula ugali, anarudi mwaka kesho. Huyo ni mteja wa mwezi, ndo maana watu wa masaji wanaweza kupanga fremu Iten na wasifunge. Hata jina la mji limeshakuwa mali, kampuni ya viatu ya Kenya ya Enda kiatu chake cha kwanza cha kukimbilia ilikiita Iten. Lushoto bado haijafika huko, sisi mgeni wetu anapita tu.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mfinyanzi, kazi nimerithi kwa mama na yeye kwa bibi. Wageni wanaletwa kuangalia ninavyofinyanga, wanafurahi, wanapiga picha, wananiachia kidogo wanaondoka bila kununua chungu. Nifanyeje? – Mama mfinyanzi, karibu na Soni

JIBU: Marahaba dada yangu, pole na hongera kwa kazi. Tatizo ni kwamba chungu chako ni cha kupikia maharage ya familia na mgeni wako ana begi mgongoni na kesho anatembea kutwa nzima. Atakibeba wapi? Finyanga vidogo, vikombe, visahani, na hasa vyetezo vya kufukizia udi, hivyo vinaingia mfukoni na pia vina soko Tanga na pwani nzima kwa watu ambao sio watalii kabisa, mtu anavitumia kila Alhamisi jioni na kikivunjika ananunua kingine.

La pili, kuangalia nako kuuzwe. Unaponda udongo, unauchekecha, unapandisha ukuta kwa mkono bila gurudumu, unausugua kwa jiwe mpaka ung'ae, hiyo ni shule, sio burudani ya bure. Kaa na waongoza wageni mkubaliane bei ya mtu mmoja kuja kujifunza na kufinyanga chake mwenyewe, na ijulikane kabla hawajaondoka mjini, sio wakifika kwako mnaanza kuangaliana. Siku za mvua huwezi kuchoma vyungu nje lakini darasa linaendelea ndani, kwahiyo hata masika una kitu. Na usikubali mwongoza wageni achukue nusu, hapo nitagombana naye mimi.

SWALI: Mambo vipi mjomba, niko Dar, mimi na mshkaji wangu tuna wazo la kampani ya baiskeli za mlimani Lushoto, tuna mshirika mmoja wa nje anataka kuweka hela na kununua eneo kabisa kwa jina lake. Kuna mzee wa kijiji amesema atatuuzia ekari mbili fasta. Tuchangamkie? – Kijana, Kinondoni

JIBU: Poa kijana, ila tulia kwanza. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji kupitia utaratibu wa mamlaka ya uwekezaji, na ardhi ya kijiji ina sheria yake nyingine ya mwaka huohuo, huwezi kuipata kwa kupeana mikono na mzee mmoja. Lazima ipite halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Na huyo mzee muulizeni kama ana hati ya kimila na kama watoto wake wanajua anauza, maana Usambara mashamba ni madogo na watu ni wengi, ekari mbili kule ni chakula cha ukoo. Nishaona kijana kama nyie kajenga banda zuri tu halafu kaka watatu wakatokea Dar na karatasi zao.

Ushauri wangu msinunue chochote mwanzoni. Pangeni chumba mjini, muweke baiskeli ndani, mfanye msimu mmoja wa Juni mpaka Septemba muone. Na hela ya mzungu msiimalizie kwenye fremu za kung'aa, wekeni kwenye breki. Kutoka Magamba kushuka ni mteremko wa kona juu ya kona, vumbi kiangazi na tope la utelezi mvua ikinyesha, pedi za breki zinaisha upesi na Lushoto hamtazipata za aina hiyo, nunueni Dar boksi zima. Tafuteni fundi baiskeli wa palepale mumfundishe breki za mafuta, msimlete wa mjini atakimbia baridi. Kuingia msitu wa Magamba kuna tozo za TFS, ziingizeni kwenye bei toka mwanzo. Baiskeli zenyewe zipakieni kwenye basi la Dar–Lushoto la moja kwa moja, mkishushia Mombo mtaanza kubembelezana na Noah kwa zile kilomita 33 za kupanda na kila mmoja atataka hela ya siti mbili kwa baiskeli moja.