Kuuza Porsche 911 T la 1972 lililofufuliwa, ilhali injini si ile lililotoka nayo kiwandani

SWALI

Ndugu mthamini, ninaishi Mannheim, nami nina gari aina ya Porsche 911 T la mwaka wa modeli 1972. Nililinunua likiwa limeoza sakafu, nikalifufua kwa miaka kadhaa nikisaidiana na fundi bodi wa hapa. Liliuzwa jipya hapa Ujerumani likiwa la rangi ya kahawia, na sasa ni la rangi ya fedha. Injini yake ya kwanza haipo tena. Iliyomo ni ya 911 E, toleo lenye nguvu zaidi kuliko T, aina ya 911/52, na mabadiliko hayo yameingizwa katika hati za usajili. Ninayo ripoti ya thamani niliyoandaliwa kwa ajili ya bima, na nilikusudia kuuza kwa kiasi kilichoandikwa humo. Mtu mmoja amenishauri nifute namba ya injini na kugonga nyingine inayolingana na kumbukumbu za kiwanda. Je, nifanye hivyo? Bei niipangeje, na katika tangazo niseme kiasi gani kuhusu kutu na kazi ya kuchomelea?

JIBU

Nianze na namba ya injini, kwa kuwa hilo halina mjadala: usiiguse. Anayelinunua gari la aina hii kwa fedha nyingi huja na mtu wa kazi yangu, na mtu huyo hatatazama namba peke yake. Atatazama uso wa chuma palipogongwa, umbo la tarakimu, na kama injini yenyewe inafanana na namba inayodaiwa. 911 T lililouzwa Ulaya mwaka huo lilitoka na injini ya aina 911/57 yenye kabureta za Zenith na nguvu za farasi 130. Ya kwako ina pampu ya Bosch inayosukuma mafuta kimakanika, na nguvu zake ni 165. Namba mpya ingekuwa inakanushwa na kila kifaa kilichofungwa kuizunguka. Tena, mbele ya sheria ya Ujerumani, kumdanganya mnunuzi kwa makusudi huondoa kinga yote uliyojiwekea katika mkataba, humpa haki ya kurudisha gari na kudai fedha zake, na huweza kukufikisha kwenye kesi ya jinai ya ulaghai.

Isitoshe, hasara unayoiogopa ni ndogo kuliko unavyodhani. Mkusanyaji anayetaka gari lenye injini yake ya kuzaliwa hatalinunua la kwako hata ukimpunguzia, kwa hiyo si mteja wako. Mteja wako ni mtu anayetaka kuliendesha, naye atafurahi kusikia kwamba injini ni ya ukoo uleule wa lita 2.4, ya kipindi kilekile, yenye nguvu zaidi na inayotambuliwa na hati. Kitakachomkera ni kulipamba gari lionekane kitu kingine. Magari mengi ya T yamegeuzwa kuwa mfano wa Carrera RS 2.7 ya 1973, toleo adimu la 911, ambayo yalitengenezwa 1,580 tu na ambayo namba zake za chesisi huanza na 911360. Kila mnunuzi makini anaijua tarakimu hiyo kwa kichwa. Vivyo hivyo usibandike taa za mbio na kuandika neno Safari. Sote tunakumbuka kwa fahari kwamba 911 ilishika nafasi ya pili katika Safari Rally mwaka 1972, 1974 na 1978, mara ya mwisho ikiendeshwa na Vic Preston Jr. wa Kenya, lakini historia ya magari yale imeandikwa na la kwako halimo.

Sasa bei. Ripoti yako ya bima haikukusudiwa kuuzia. Wathamini wa Ujerumani hutofautisha thamani tatu, na wauzaji wengi huzichanganya. Ya kwanza ni thamani ya soko, yaani kiasi ambacho mtu binafsi humlipa mtu binafsi mwenzake kwa gari la hali hiyo. Ya pili ni gharama ya kupata gari linalolingana nalo endapo lako litaibwa au kuungua, na humo huhesabiwa faida ya mfanyabiashara. Ya tatu ni jumla ya gharama ya kulijenga upya mpaka lifikie hali liliyo nayo leo. Hiyo ya tatu mara nyingi ndiyo kubwa kuliko zote, ndiyo inayompendeza mwenye gari, na ndiyo isiyomhusu mnunuzi hata kidogo. Angalia ripoti yako inataja ipi. Kisha omba tathmini mpya ya thamani ya soko yenye alama ya hali ya gari, kwa kuwa kwa kawaida hapa magari ya kale hupewa alama kuanzia 1, ambayo ni hali isiyo na dosari, hadi 5, ambalo ni gari linalohitaji kufufuliwa. Gari lililofufuliwa vizuri na linaloendeshwa kwa kawaida huangukia 2 au karibu yake; anayekuambia lako ni 1 bila kulipandisha kwenye lifti anakubembeleza. Uwe tayari pia kukubali kwamba saa zako za kazi hazitarudi zote.

Kuhusu kutu, hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Porsche ilianza kutengeneza bodi nzima za 911 kwa mabati yaliyopakwa zinki kuanzia mwaka wa modeli 1976. Kwa hiyo kila mtu anajua kwamba gari la 1972 limewahi kuoza, na ukisema halijawahi hutaaminika. Swali la mnunuzi ni lilioza wapi, likakatwa mpaka wapi, na nani alichomelea. Panga picha za kazi kwa kufuata sehemu za gari: sakafu, vizingiti vya chini ya milango pamoja na mabati yake ya ndani ambayo hayaonekani, mahali zinapofungwa nyuma nondo za msokoto zinazofanya kazi ya springi, sehemu ya mbele inayobeba usukani na mikono ya magurudumu, na masanduku ya betri. Gari lako lilikuwa na betri mbili, moja kila upande mbele, na asidi yake imeyala mabati ya magari mengi kuliko mvua. Picha iliyopigwa kabla ya kukata ina thamani kuliko kumi zilizopigwa baada ya rangi, kwa sababu inaonyesha kwamba palipooza palikatwa hadi kwenye chuma kizima badala ya kufunikwa kwa pati, yaani lepe la kuziba mashimo. Ongeza vipimo vya unene wa rangi kwa kila paneli. Mnunuzi atakuja na kipimo chake, na ni bora akute namba zilezile ulizompa.

Usisahau kifuniko cha oili kilicho kwenye bawa la nyuma upande wa kulia. Kilikuwepo mwaka wa modeli 1972 pekee, na inasimuliwa kwamba kiliondolewa kwa sababu wahudumu wa vituo vya mafuta walikuwa wakimimina petroli humo. Fundi aliyebadilisha bawa lako kama alitumia la mwaka mwingine, kifuniko hicho hakitakuwepo, na unapaswa kulisema hilo mapema. Kama kipo, kipigie picha ya karibu. Rangi ya fedha nayo itajwe kuwa si ya kiwandani. Binafsi ningeiacha kahawia, lakini hilo limepita.

Upande wa injini, usitegemee kipimo cha kompresheni peke yake. Fanyisha pia kipimo cha uvujaji wa silinda, kinachoonyesha hewa inapotorokea, na weka matokeo ya silinda zote sita kwenye karatasi yenye tarehe na kilomita. Krankikesi, yaani kasha la chini la injini, kwa injini hizi ni ya magnesiamu, na stadi (boliti ndefu zisizo na kichwa) zinazoshikilia silinda huweza kung'oa nyuzi zake. Kama zilitiwa nyuzi mpya za chuma, risiti ya kazi hiyo ni jambo la kujivunia. Eleza pia hali ya tenshena, yaani vikazio vya cheni za injini.

Kuhusu maneno ya tangazo, fahamu uamuzi uliotolewa na Mahakama Kuu ya Shirikisho mjini Karlsruhe tarehe 10 Aprili 2024. Mtu binafsi aliuza Mercedes-Benz 380 SL lililosajiliwa mara ya kwanza mwaka 1981 kwa euro 25,000; katika tangazo aliandika kwamba kiyoyozi kinafanya kazi bila dosari, na mkataba ukaondoa dhamana yote. Kiyoyozi kilipoharibika, mahakama ilisema kwamba kuondoa dhamana hakufuti sifa ambayo muuzaji mwenyewe ameitaja na kukubaliana na mnunuzi, hata gari likiwa na umri wa miaka 40. Kwa hiyo kila sifa unayoiandika ni ahadi. Badala ya kusema halina kutu, andika kwamba sakafu na vizingiti vilibadilishwa katika mwaka fulani na kwamba picha zipo. Badala ya kusema halijawahi kugongwa, andika kwamba hujapata ajali nalo tangu ulinunue. Kisha mambo hayohayo, pamoja na injini na rangi, yaingie katika mkataba ulioandikwa, chini ya sahihi ya mnunuzi, sambamba na kifungu cha kuondoa dhamana, ambacho muuzaji binafsi anaruhusiwa kukiweka.

Kwa gari la namna hii nisingekimbilia mnada, kwa sababu kwenye mnada maelezo marefu hayapati msikilizaji na injini tofauti huonekana kama kasoro tu. Tangazo binafsi lenye picha nyingi, au mfanyabiashara anayeuza kwa kamisheni huku wewe ukibaki mmiliki, vitakufaa zaidi. Kibao cha namba chenye herufi H, ambacho hapa hupewa magari ya kale, kiwe halali na ukaguzi wa gari uwe wa karibuni.

Mnunuzi akitaka kulijaribu, tazama leseni yake, hakikisha bima yako inaruhusu dereva mwingine, na ukae naye ndani. Sehemu ya pili ya hati ya usajili, ile ambayo wengi bado wanaiita Fahrzeugbrief, isitoke mkononi mwako hadi benki yako ithibitishe kwamba fedha zimeingia. Picha ya skrini ya simu ya mnunuzi si uthibitisho. Andikeni katika mkataba tarehe na saa ya makabidhiano, kisha siku hiyohiyo uijulishe ofisi ya usajili na kampuni ya bima kwamba gari limeuzwa.