Kentucky vijijini: usisubiri Novemba, badilisha chama kabla ya tarehe 31 Desemba

Hapana. Hapana kabisa. Mkuu, simama hapohapo.

Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye gari nje ya kiwanda, chai imepoa mkononi. Unasema umeapishwa uraia Agosti, umejiandikisha kupiga kura kama "Independent" kwa sababu hutaki mambo ya vyama, unaishi kaunti ya shamba huku Kentucky, kuna mama unayemkubali anayegombea useneti wa jimbo kwa tiketi ya Republican, na "uchaguzi ukikaribia" utaangalia namna ya kumsaidia. Halafu ukaongeza maswali mengine: dereva wa lori anapigaje kura akiwa safarini, na kama seneta huyo anaweza kusukuma faili la uhamiaji la mkeo. Nitayafikia. Kwanza hili.

Kura za mchujo ni tarehe 19 Mei 2026. Siku ya mwisho ya kubadilisha chama ili uruhusiwe kupiga kura hizo ni tarehe 31 Desemba 2025. Desemba hiihii tuliyomo. Siyo Machi, siyo Aprili, siyo "uchaguzi ukikaribia". Wewe ukisubiri ukaribie utakuwa umeshakupita.

Mchujo wa Kentucky umefungwa. Republican wanachagua mgombea wa Republican, Democrat wanachagua wa kwao, na wewe Independent unabaki kuwa mtu huru sana, huru wa kukaa nyumbani. Kama kuna kinyang'anyiro kisicho cha chama, mathalani cha majaji, utapewa hicho. Kama hakipo, unaambiwa asante kwa kuja.

Na usiniambie "si kuna Novemba". Wewe Mtanzania hili hukupaswa kufundishwa. Kule kwetu kuna majimbo ambayo mtu akipita kura za maoni za CCM wanaanza kumwita mheshimiwa hata kampeni hazijafunguliwa. Kentucky vijijini ni hivyohivyo, imebadilika rangi tu, nyekundu badala ya kijani. Seneti ya Kentucky ina viti 38, na Republican wanavyo 32. Mei 2025 Robin Webb, seneta wa Grayson kule kaunti ya Carter, aliyekuwa Democrat wa mwisho kutoka vijijini, naye alihamia Republican. Seneta mzima kaona mlango ulipo, wewe unataka kuingilia dirishani.

Sasa nikwambie yaliyonipata, na sitataja mwaka wala namba ya wilaya maana mji wetu mdogo, ukikohoa huku wanakupa pole kule.

Tulikuwa na mgombea wetu wa useneti wa jimbo kwa tiketi ya Republican, mwalimu mstaafu. Aliwahi kuwafundisha Kiingereza jioni nusu ya watu wa kiwanda cha kuku. Alikuwa anazungumzia mambo tunayoyaishi: barabara ya kwenda kiwandani, na hii adha ya leseni. Wageni hamjui, lakini zamani leseni ya udereva ulikuwa unaipata kwa karani wa mahakama palepale kaunti yako. Bunge likabadilisha, sasa ni ofisi za kanda, na sisi wa mashambani tunaendesha mwendo mrefu na kupoteza siku ya kazi. Ukitaka kujua seneta wa jimbo ana kazi gani, ndiyo hiyo. Watu wanasema Washington, Washington, kumbe aliyekuondolea ofisi ya leseni yuko Frankfort, makao makuu ya Kentucky.

Nikajitwika kuwa mhamasishaji. Nikawa na daftari la kaunta, majina 43, wengi Wakongo, Warundi kidogo, Watanzania wanne pamoja na mimi. Wote raia, niliangalia vyeti kwa macho yangu. (Hapa msifanye mzaha. Mwenye green card usimwandikishe hata akikubembeleza, akijaza kwamba ni raia amejichimbia shimo ambalo hakuna wakili wa kumtoa.) Fomu nikawajazia mwenyewe mezani kwangu, Jumapili baada ya Jumapili. Na kwenye kisanduku cha chama, kote 43, kwa mkono wangu huu, nikaandika Independent.

Kwa nini? Kwa sababu ya Bwana Projekta.

Bwana Projekta alikuja kutufanyia semina kwenye ukumbi wa kanisa. Tai, kompyuta, kalamu ya taa nyekundu. Akatuambia, "Ndugu zangu, sisi wageni tusijichafue na vyama, jiandikisheni Independent, mtapiga kura popote mnapotaka." Tukapiga makofi. Nilimchangia na mafuta ya gari! Nimekuja kujua baadaye kwamba jamaa anaishi Nashville. Tennessee, mkuu! Kule mtu hajiandikishi kwa chama, fomu yao haina hata hicho kisanduku. Alivuka mpaka, mwendo wa saa moja na kidogo, akatuletea sheria ya kwao kama mtu anayeleta embe za dodo. Simchukii. Lakini siku tukikutana kwenye msiba nitakaa meza nyingine.

Machi mwalimu mwenyewe akaniuliza, mmejiandikisha Republican wangapi? Nikacheka nikamwambia sisi ni huru. Hakucheka. Kesho yake asubuhi niko kwa karani wa kaunti, daftari kwapani. Mama wa dirishani, mpole kweli, akasikiliza yote, akaniambia mabadiliko nitawapokelea leo, lakini kwa mchujo wa mwaka huu mmechelewa, mwisho ilikuwa tarehe 31 Desemba. Nikamwambia ni watu 43. Akasema pole. Kinachouma zaidi: mtu ambaye hajawahi kujiandikisha kabisa alikuwa bado ana nafasi, angejiandikisha papo hapo kama Republican na kupiga kura Mei. Yaani waliolala walikuwa salama. Walioharibikiwa ni wale niliowahi kuwaamsha.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuwapigia simu wote niwaambie ukweli. Sikufanya. Aibu. Nikajidanganya kwamba labda karani kakosea, labda kituoni wataturuhusu. Huo ndio upumbavu wangu mkubwa kuliko ule wa fomu, na sijawahi kuuandika popote mpaka leo.

Siku ya mchujo tukaenda na magari mawili, kundi la kwanza. Mama mmoja alikuwa amepika sombe, yaani kisamvu, na bugali vya kula baada ya kupiga kura. Papa mmoja wa Uvira, rika la baba yangu, alivaa suti aliyoapishiwa uraia, viatu vimeng'arishwa. Yeye ndiye aliyetangulia mezani. Akatoa kitambulisho, wakamtafuta, wakampata, wakamweleza kwa upole kwamba leo hana karatasi ya kupiga. Akageuka akanitazama mimi, siyo wao. "Mwanangu, tulikuya kufanya nini?"

Sombe tuliila kwenye maegesho, kimya. Ilikuwa tamu, nakumbuka nikakasirika kwamba ni tamu.

Usiku mwalimu akashindwa. Huku mchujo hauna duru ya pili, mwenye kura nyingi kachukua. Na tofauti yenyewe ilikuwa ndogo kuliko majina yaliyomo kwenye daftari langu. Daftari ninalo bado. Mke wangu ameniambia nilitupe, namwambia lina namba za simu.

Nikasema basi, Novemba tutaliandika jina lake kwa kalamu. Wapi! Aliyeshindwa mchujo haruhusiwi kurudi Novemba kwa njia hiyo, na hata asiyeshindwa lazima awe amejaza tamko mapema ndipo kura za kuandikwa jina zihesabiwe. Novemba yenyewe kwenye kiti hicho kulikuwa na jina moja tu. Moja. Democrat hawakusimamisha mtu. Ulitaka kumchagua nani, mpinzani wake hewa?

Kwa hiyo fungua simu yako, ingia GoVoteKY, tovuti ya wapiga kura ya Kentucky, badilisha chama, hifadhi uthibitisho. Dakika chache. Huli kiapo, hununui kadi, hakuna balozi wa nyumba kumi atakayekuja kuuliza mbona huonekani kwenye vikao. Ndiyo, orodha ya nani yuko chama gani wagombea wanaipata, utaletewa vipeperushi hadi uchoke, lakini kura yako ni siri na Novemba unampa unayemtaka. Jirani yangu mzungu, familia yao Democrat tangu babu, yuko Republican kwenye daftari kwa sababu hiyohiyo tu, anataka kuchagua sherifu.

Kuhusu faili la mkeo: seneta wa jimbo hahusiki na uhamiaji, hayo ni ya serikali kuu, mpigie mbunge wako wa Washington.

Ulikuwa na swali jingine pia, limenitoka, na zamu inaanza. Nimeona umeingia jukwaani dakika kumi zilizopita na hujajibu. Umebadilisha? Weka picha ya uthibitisho hapa, ufiche anwani. Na kama mkeo au shemeji zako ni raia na uliwajazia wewe zile fomu, angalia na za kwao uliandika nini.