Mchimbaji anakuja Jumamosi? Mzuie kwanza

Mkuu, umeuliza kuhusu kisima cha kijiji: pampu ya sola au jenereta, tenki la lita ngapi, na ndoo mtoze shilingi ngapi. Mimi nimekwama pale uliposema kijiji kiko Arumeru, kule Arusha, mchimbaji anakuja Jumamosi na "maji yameshapimwa". Yamepimwa nini?

Hilo neno limetugharimu milioni 31, kikundi chetu tulipochimba kisima kijijini kwetu huko huko Arumeru. Na sisi tuliambiwa yamepimwa. Kumbe jamaa alipita na mitambo yake kuangalia maji yako mita ngapi chini. Hiyo ni sevei, inakwambia maji yapo, haikwambii yana nini ndani. Wanakikundi wenzangu, wengi tuko Dar, tukasoma "yamepimwa" tukajaza grupu makofi. Nikamuuliza fundi kuhusu floraidi, ile madini ya kwenye maji ambayo ikizidi inageuza meno ya watoto kuwa ya kahawia, akacheka: "Bosi, hii ni mita 120, maji ya kina hiki ni kama ya chupa." Kama ya chupa! Arumeru ni mawe ya volkano matupu, na floraidi inatoka humo humo kwenye mawe. Ukienda chini huikimbii, mara nyingine ndiyo unaifuata. Lakini mtu analipwa kwa mita, atakwambiaje usichimbe?

Kinachoniuma ni kwamba nimezaliwa huko huko. Meno yangu ni ya kahawia, nikienda kupiga picha mpiga picha mwenyewe ananiambia "funga mdomo kidogo kaka". Yaani nimetembea na majibu ya maabara mdomoni miaka 40, na bado nikaidhinisha malipo. Chekeni tu, nimeshazoea.

Tukafunga pampu, paneli, tenki, vituo vinne vya kuchotea, utepe ukakatwa. Maji maangavu, baridi, matamu. Miezi mitatu baadaye mtu wa maji kutoka wilayani akachukua sampuli: miligramu 9 za floraidi kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi 1.5. Wale watoto waliotuimbia siku ya uzinduzi ndio walikuwa wanaota meno ya ukubwani.

Na usiniambie mtachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki palepale, tena maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Klorini nayo haiigusi. Kuna wale wa kituo cha utafiti cha Ngurdoto wanaochuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na unafanya kazi, ila mkaa unachoka, lazima ubadilishwe. Atakayekumbuka kuubadilisha ni nani, mweka hazina wenu?

Kabla hujatoa hata shilingi ya kuchimba, chota maji ya visima vya jirani. Tumia chupa ya plastiki, isuuze mara tatu kwa maji hayo hayo, andika jina la kisima, peleka maabara ya maji Arusha. Ukiwa hapo kisimani, angalia meno ya watoto. Shimo likishachimbwa pima TENA, kabla ya pampu, kabla ya bomba, kabla ya fulana za uzinduzi, maana kisima cha jirani kikiwa salama hakidhamini cha kwako. Fundi akisema anachelewa kazi nyingine, mwache aende huko.

Bei ya ndoo watakusaidia wengine. Wateja wa kisima chetu siku hizi ni nyanya za shambani, na nyanya hazipangi foleni na ndoo.