Darubini ya kutazamia mwezi mwandamo

Sheikh, umeuliza ununue darubini ya 20x50 au 10x50 kwa kutazamia mwezi mwandamo hapo Wete. Chukua 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawa 50 kwa 10: mwanga unaofika jichoni una upana wa milimita 5. Ile ya 20 inakupa 2.5 tu, tena mkononi inatetemeka mpaka hilali yenyewe unaipoteza. Wengi wanakosea hapo, wanakimbilia ukuzaji mkubwa. Tafuta isiyoingia maji, maana unyevu wa kwetu huotesha ukungu ndani ya vioo. Na nakuomba sana, usiielekeze magharibi kabla jua halijazama lote. Jicho linaweza kupofuka.